Vibuyu Vinavyovuja

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule alifika Masasi kutoka pwani, kisha akapanda hadi Newala kwenye uwanda wa Makonde. Alikuwa mtafiti wa mila na desturi kutoka Leipzig, na katika mizigo iliyobebwa na wapagazi wake mlikuwamo kamera ya picha zinazotembea na fonografu ya kunasia sauti kwenye silinda za nta. Nyimbo za watu wetu zikachorwa kwenye nta hiyo, zikasafirishwa Ulaya. Mengi yameandikwa juu ya safari ile, mazuri na mabaya. Mimi leo navutiwa na silinda peke yake.

Silinda ya nta ina mpaka. Ukiizungusha kwa kasi, sindano inapata nafasi zaidi ya kuchora na sauti kali husikika vizuri, lakini nta inakwisha upesi. Silinda ya kawaida ilibeba dakika mbili hivi. Ukiizungusha polepole unapata muda mrefu na sauti mbovu. Nayo nta ni nta: jua likiwaka inalainika, na mistari iliyochorwa juu ya kitu laini si ya kuaminiwa. Kwa hiyo moja ya mashine za mwanzo za kutunza kumbukumbu kufika kwetu ilikuja na mambo matatu yanayovutana, yaani kasi, joto na uaminifu, na mambo hayo hayajatuacha hata leo, ingawa nta imekwisha kusahaulika.

Ninachotaka kueleza hapa ni kazi ambayo vijana wengi wa Masasi, Newala na Tandahimba wanaijua kuliko wazee wao, nayo ni kuzidisha kwa mkono kasi ya kumbukumbu ya kompyuta, ile ambayo mafundi huiita RAM. Mtu anaingia katika ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla Windows haijaamka, anabadilisha namba chache, na kipande kilichouzwa kwa kasi fulani kinalazimishwa kwenda kasi zaidi. Wengi wakiulizwa hatari yake husema kwamba kitaungua. Kuungua kupo, nami nitakufikia, lakini si jambo kubwa, maana kitu kilichoungua kinanuka na kila mtu anajua kimeungua. Kumbukumbu iliyosukumwa kupita uwezo wake aghalabu haiungui. Inaendelea kufanya kazi, huku ikisema uongo mara moja moja.

Kiswahili chetu kimeliweka jambo hili vizuri kuliko lugha nyingi, kwa kuwa neno ni moja. Kumbukumbu ni kile kipande cha kijani chenye vidude vyeusi, na kumbukumbu ni daftari la chama cha msingi lenye majina ya wakulima na kilo zao za korosho. Kikiharibika cha kwanza, la pili linafuata.

Taifa letu lilionja mapema uchungu wa hesabu za mashine zisizoaminika. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, nayo ilikuwa ICT 1500, mashine iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza ingawa asili yake ilikuwa RCA 301 ya Marekani. Kumbukumbu ya mashine za aina hiyo ilitengenezwa kwa vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya kama shanga, na ilibeba herufi kati ya 10,000 na 40,000. Kila mzunguko wa kusoma na kuandika ulichukua mikrosekunde 7, yaani nanosekunde 7,000, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kipande cha kawaida cha kompyuta za mtumba zinazouzwa leo hujibu kwa nanosekunde kumi na kitu, na hubeba herufi zaidi ya bilioni nane.

Miaka iliyofuata serikali ilijaribu kuziingiza hesabu zake kwenye kompyuta, na hesabu zikavurugika. Lawama iliiangukia mashine, ingawa upungufu wa watu waliofunzwa ulikuwa na sehemu kubwa. Mwaka 1974 kukatolewa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Amri hiyo ililegezwa polepole katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ikawa imekwisha nguvu. Neno moja lililobuniwa kwa ajili ya kompyuta lilikuwa ngamizi, nami sikuwahi kulipenda kwa jinsi linavyoelekeana na kuangamiza. Lakini nikiifikiria hali ya wakati ule, naona halikuwa mbali sana na mawazo ya wakubwa. Ilipofika mwaka 2003, chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso hapa hapa Masasi, nchi ikapata Sera yake ya kwanza ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Kati ya marufuku na sera ilipita miaka 29.

Sasa tutazame kilicho ndani ya kipande chenyewe, kwa sababu asiyejua kinavyofanya kazi hana budi kubahatisha. Shanga za sumaku zilikuwa na sifa moja njema: ukizima umeme, zilibaki na habari zake. Mwaka 1968 Robert Dennard wa IBM alipewa hataza ya ubunifu mwingine kabisa, ambamo kila biti, yaani kila moja au sifuri, inatunzwa na transista moja na kapasita moja ndogo. Kapasita ikiwa na chaji ni moja, ikiwa tupu ni sifuri. Miaka miwili baadaye, mwaka 1970, Intel wakatoa kidude chao kilichoitwa 1103, chenye biti 1,024, na enzi ya shanga ikaanza kwisha. Kapasita ilikuwa rahisi na ndogo mno. Kasoro yake ni kwamba inavuja.

Mtu wa uwanda wa Makonde hahitaji mfano mwingine. Udongo wetu wa juu ni kichanga kinachonywa mvua yote, na kwa vizazi vingi maji yalifuatwa bondeni, chini ya ukingo, yakabebwa kichwani kupanda mlima. Maji yaliyofika nyumbani yalilindwa kama fedha. Basi fikiria safu ndefu ya vibuyu, kila kimoja na tundu dogo chini. Kibuyu kilichojaa maana yake ni moja, kitupu maana yake ni sifuri. Lazima yupo mtu anayepita safu kwa safu, anachungulia kila kibuyu, na kile kilichozidi nusu anakijaza tena kabla hakijashuka chini ya alama. Katika kumbukumbu za kawaida mtu huyo humaliza mzunguko wake kila milisekunde 64. Kipande kikipata joto la nyuzi zaidi ya 85, watengenezaji wanataka apite mara mbili zaidi, kila milisekunde 32, kwa sababu joto linapanua tundu.

Kuzidisha kasi ni kumharakisha mbebaji wa maji. Anafika kibuyuni na kuondoka kabla hakijajaa vizuri, au anachungulia upesi mno na kuona kimejaa ambacho hakikujaa. Kuongeza volti ni kumpa nguvu zaidi ya kumimina, na kweli kunasaidia, ila nguvu hiyo inaleta joto, na joto linapanua tundu lile lile. Elimu yote ya kazi hii imo humo. Mtengenezaji wa kipande ameacha nafasi kati ya kasi aliyoiandika kwenye kibandiko na kasi ambayo kipande kinashindwa kabisa, na nafasi hiyo aliiacha kwa ajili ya siku ya joto, umeme mbaya na uzee wa kifaa. Anayezidisha kasi anaitumia nafasi hiyo, kwa hiyo sharti ajue imebaki kiasi gani.

Mchezo huu ulipata umaarufu mkubwa mwaka 1998. Kabla ya hapo njia inayounganisha kichakato na kumbukumbu ilipiga megahezi 66. Mwaka ule Intel wakaleta viwango vya megahezi 100. Wakatoa pia kichakato cha bei nafuu, Celeron 300A, kilichoandikwa megahezi 300, na watu wakagundua kwamba ukiipandisha njia kutoka 66 hadi 100, kichakato kinakwenda 450 bila kulalamika. Lakini njia hiyo iliivuta kumbukumbu pamoja nayo. Waliokuwa na vipande vilivyotengenezwa kwa 66 waliona mashine zikiganda, na wengi walikilaumu kichakato ilhali mgonjwa alikuwa kipande cha pembeni.

Tangu wakati huo namba kwenye vibandiko zimepanda sana, kutoka 100 hadi 3200 kwa vipande vya kizazi cha DDR4 kilichoingia sokoni mwaka 2014, na zaidi ya hapo kwa DDR5. Hapa ndipo wanunuzi wanapodanganyika. Kipande cha mwaka 1998 kilichongoja mapigo 2 kabla ya kujibu kilijibu baada ya nanosekunde 20. Kipande cha DDR4 cha 3200 kwa kiwango cha kawaida kinangoja mapigo 22, ambayo ni nanosekunde 13.75. Namba ya kibandiko imepanda mara 32, na muda wa kungoja haujapungua hata kwa theluthi moja. Hesabu yake ni rahisi, kila fundi aiweke kichwani: kwa vipande vya DDR, chukua mapigo ya kungoja, zidisha kwa 2,000, gawanya kwa kasi ya kibandiko. Kwa maneno ya kwetu, wabebaji wameongezeka na wanapita wengi kwa pamoja, lakini safari ya mmoja kwenda bondeni na kurudi imebaki karibu ile ile. Ndiyo maana kijana anayepandisha kasi kutoka 3200 hadi 3600 na kuyapandisha mapigo ya kungoja kutoka 16 hadi 18 amebaki na nanosekunde 10 zile zile kwa kila jibu. Amepata wabebaji zaidi, hakupata mwendo.

Na joto la kwetu? Masasi imekaa chini, katikati ya majabali yanayopokea jua mchana kutwa na kulirudisha usiku. Newala iko juu, ukingoni. Ukisimama Shimo la Mungu mwezi wa saba, upepo unaotoka bonde la Ruvuma unakufanya utafute koti. Tofauti hii wasafiri wa barabara ile wanaijua miilini mwao. Wachache wanakumbuka kwamba kompyuta nayo inasafiri, na kwamba kalenda yetu ina ubaya wa pekee: kazi nyingi za hesabu zinakuja wakati wa joto. Minada ya korosho huanza mwezi wa kumi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, korosho za mkulima zinapimwa kwenye chama cha msingi, zinakwenda ghalani, zinauzwa mnadani kwa njia ya vyama vikuu kama MAMCU na TANECU, na malipo yanarudi kwa orodha. Orodha hizo zinachapwa kwenye kompyuta, nyingine za ofisi, nyingine za vijana wa stesheneri wanaolipwa kwa ukurasa.

Kijana mmoja wa aina hiyo ni jirani yangu, na jina lake halina haja hapa. Aliunganisha kompyuta yake nyumbani kwao Newala mwezi wa saba, akiwa na vipande viwili vya 3200 vyenye mapigo 16. Akavilazimisha kwenda 3600 kwa mapigo yale yale 16, yaani jibu kwa nanosekunde 8.9 badala ya 10. Akaendesha kipimo kwa mzunguko mmoja usiku, kikapita. Mashine ilikwenda vizuri Agosti na Septemba. Akaishusha Masasi, akafungua chumba chenye bati bila dari, na mwezi wa kumi akapata kazi ya kuchapa orodha za chama kimoja cha msingi.

Dalili za kwanza zilikuwa ndogo. Picha moja ya kitambulisho ilitoka na mstari wa rangi katikati. Faili moja lililobanwa likakataa kufunguka. Kisha karani wa chama akarudi na karatasi mkononi, amekasirika, kwa kuwa mstari mmoja wa orodha haukulingana na stakabadhi ya mkulima. Kijana aliapa kwamba alichapa sawasawa na akasoma mara mbili. Akaja kwangu jioni. "Shikamoo mzee. Mashine yangu imerogwa." Nikamjibu kwamba uchawi huwa hauna ratiba, na nikamwuliza haya yanatokea saa ngapi. Akafikiri. Yote yalikuwa yametokea kati ya saa saba na saa kumi mchana.

Tuliwasha MemTest86 siku iliyofuata saa nane mchana. Hii ni programu ya kupima kumbukumbu ambayo Chris Brady aliianza mwaka 1994. Unaiweka kwenye flashi, mashine inaamka nayo kabla ya Windows, na inaandika na kusoma kila kibuyu kwa mitindo mbalimbali. Kabla nusu saa haijakwisha mistari myekundu ilikuwa imejaa kwenye kioo. Usiku, kwa namba zile zile, ilipita bila kosa hata moja.

Msomaji anaweza kuuliza biti moja ina uzito gani. Chukua mkulima aliyepima kilo 1,340. Ndani ya mashine namba hiyo imeandikwa kwa moja na sifuri, na mojawapo ya zile moja inasimama mahali pa 1,024. Kibuyu hicho kimoja kikishuka chini ya alama, mkulima amebaki na kilo 316. Hakuna kengele inayolia, na jina lake limeandikwa vizuri kabisa. Jambo hili si ndoto zangu. Katika uchaguzi wa Ubelgiji mwaka 2003, huko Schaerbeek, mgombea mmoja alionekana na kura 4,096 za ziada, nyingi kuliko zilivyowezekana, na kwa sababu hiyo zikagundulika. Namba 4,096 ni thamani ya biti moja kamili. Wachunguzi hawakupata kosa katika programu, na maelezo yaliyobaki ni kwamba biti hiyo iligeuka yenyewe. Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa kwenye kompyuta za Google: karibu theluthi moja ya mashine zilipata angalau kosa moja la kumbukumbu kwa mwaka, na hizo ni mashine zisizosukumwa, katika vyumba vyenye baridi. Lakini wao wanatumia vipande vinavyojisahihisha, vyenye kidude cha ziada cha kulinda hesabu. Kompyuta ya stesheneri haina ulinzi huo. Kilichomwokoa mkulima wetu ni karatasi aliyoikunja mfukoni.

Kwa anayetaka kufanya kazi hii bila kuleta madhara, mwanzo wake ni kuitazama mashine kabla ya kuigusa. Kompyuta nyingi za mtumba zinazotoka Kariakoo zilikuwa za ofisi, na bayosi zake haziruhusu kubadilisha namba za kumbukumbu hata kidogo. Hapo hakuna cha kufanya, na ni heri. Nyingine zinaruhusu, lakini mwenyewe hajui kwamba kipande chake cha 3200 kinakwenda 2133 au 2400, kwa sababu mashine ikiachwa huanza na kiwango cha chini. Ndani ya kila kipande mna kidude kidogo kilichoandikwa namba zake, na vile vya bei ya juu vina pia namba za haraka zilizopimwa kiwandani. Intel walianzisha utaratibu huo mwaka 2007 kwa jina la XMP. Kuchagua namba hizo za kiwandani ni hatua ya kwanza, na kwa watu wengi ingekuwa ya mwisho. Kama mashine ina kipande kimoja, kuongeza cha pili kinacholingana nacho kunafungua njia ya pili ya kupitisha habari, na faida yake inashinda uchokozi wowote wa namba. Nasema hivi nikijua kwamba kijana hapendi kuambiwa anunue kitu ilhali anaweza kukipata bure usiku mmoja.

Anayeendelea na ahamishe kwanza kazi zote za watu kwenye flashi, aichomoe. Aandike kwenye karatasi namba za mwanzo: kasi, yale mapigo manne ya kungoja, na volti. Kisha apandishe kitu kimoja tu, hatua moja, apime, aandike. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja akipata kosa hajui amlaumu nani. Kwa DDR4 volti ya kawaida ni 1.2, na vipande vingi vya haraka vimetengenezwa kwa 1.35, katika chumba cha bati sioni sababu ya kuvuka hapo. Ipo pia namba inayopanga zamu ya kujaza vibuyu, na wapo wanaoichelewesha ili kupata kasi kidogo. Huko Ulaya, mwezi wa Januari, labda. Masasi iacheni.

Sasa nimefikia kuungua. Kumbukumbu haifanyi kazi peke yake. Ndani ya kichakato mna sehemu inayoiendesha, nayo ina volti yake, na mara nyingi ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi, huipandisha volti hiyo kimyakimya ukishachagua kasi kubwa. Mwaka 2023 vichakato kadhaa vya AMD vya familia ya Ryzen 7000 viliungua, na chanzo kimojawapo kilikuwa volti hiyo kupandishwa mno na bao zilipowekewa namba za haraka za kumbukumbu. AMD wakatoa marekebisho ya bayosi yanayoizuia isipite 1.3. Kwa hiyo usiiache namba hiyo ijichagulie. Itazame, iandike, na ukiona imepanda ghafla irudishe. Mashine ikikataa kabisa kuamka, usiogope: zima, chomoa waya wa umeme, toa ile batri ndogo ya duara kwenye ubao kwa dakika chache, nayo itasahau yote uliyoiambia na kuanza upya.

Kupima ndiyo kazi yenyewe. Mzunguko mmoja wa usiku hautoshi. Nataka minne kamili, na angalau miwili ianze saa saba mchana, mlango umefungwa, feni ya chumba imezimwa, na kwa Masasi kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili. Umeme nao uwe ule ule utakaotumika, na kama upo UPS au stabilaiza, vitumike. Kosa moja katika saa sita linatosha kukataa namba hiyo. Nimewasikia mafundi wakisema kwamba moja si kitu. Kwa mchezo wa video, kweli si kitu. Kwa kilo za mtu haikubaliki. Na namba iliyopita si namba ya kukaa nayo. Rudi hatua moja nyuma, kwa ajili ya vumbi litakaloingia na kipande kitakachozeeka.

Mimi na kijana wangu tulifuata hivyo kwa siku nne za mwezi wa kumi na moja. Kasi ya 3600 ilikwisha kukataliwa. Tulijaribu 3466, ikapita usiku, ikatoa kosa moja saa tisa mchana. Tukashuka 3333, ikapita mizunguko minne, miwili kati yake jua likiwa utosini. Tukarudi hatua moja, kama sheria inavyotaka, tukajikuta kwenye 3200, ambayo ndiyo namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kiwandani. Kijana alikitazama kibandiko kwa muda, akacheka kidogo, si kwa furaha.

Orodha ya chama aliichapa upya yote kutoka kwenye stakabadhi, bila malipo ya pili, na karani akaikagua mstari kwa mstari. Kabla hajafunga mfuniko wa kompyuta aliniuliza kama mwezi wa sita, akiipeleka Newala kwa likizo, anaweza kuipandisha hadi 3333. Nikamwambia anaweza, ila aipime huko, na kabla ya kuteremka na basi airudishe. Namba zote mbili ameziandika kwenye kipande cha karatasi, Newala juu na Masasi chini, akakibandika kwa gundi upande wa ndani wa mfuniko.